Picha Mia Mbili na Kumi

Nilipiga picha mia mbili na kumi
nikiizunguka nyumba ya kambi, Kilembe:
hatua moja, picha; hatua moja, picha,
kama kuku anayedonoa ua zima.
Mto ulikuwa umeshamega choo.

Usiku, Kasese, kompyuta ya kukodi
ikaanza kuulizauliza: msumari huu
ndio ule wa picha ya tisa? Ufa huu
ndio ule? Nukta zikamiminika
kama ulezi mkekani,
zikasimama, zikawa ukuta.

Bati likaja na kutu yake yote.
Dirisha halikuja. Kioo kinang'aa mno,
mashine haikiamini; pakabaki tundu.

Na wewe, Thembo, hukuja.
Nilikuambia utulie kizingitini.
Ukahamisha magodoro, sufuria, redio,
ukarudi tena kumfuata paka.
Programu ikakuhesabu kuwa vumbi,
ikakufuta.

Naigeuza nyumba kwa kidole,
naichungulia toka juu, toka chini ya sakafu,
pale ambapo hata mchwa hawakufika.
Mlangoni pana ukungu kidogo wa nukta,
rangi ya shati lako la kijani.

Siufuti.