Ankara ya Balbu Moja

Balbu ya ukumbi wa shule ya Cwm Eirin
iliungua Jumatatu, mvua ikinyesha ile ya kwetu Wales,
isiyo na haraka, isiyo na mwisho.
Pauni mbili na nusu, dukani kwa Pryce,
kando ya posta iliyofungwa.
Ankara imenifikia Ijumaa:
pauni mia moja arobaini na sita.

Mimi ni karani. Kazi yangu kugonga mhuri.
Nimeisoma mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele:
safari, maili sitini na mbili, kwenda na kurudi;
tathmini ya hatari ya kupanda ngazi;
ngazi;
saa mbili, kwa kuwa mkataba haujui robo saa;
ada ya usimamizi, na ada ya kuusimamia usimamizi,
ingawa wao wameipa jina refu zaidi;
balbu, pauni tisa.

Bi Beynon wa namba kumi na nne
huleta kodi yake dirishani kwangu mwenyewe,
noti zimekunjwa ndani ya soksi ya marehemu,
sarafu anazihesabu mara mbili.
Pauni mia moja na thelathini kwa mwezi.
Haifiki balbu.

Zamani tulikuwa na Meurig,
funguo kiunoni, penseli sikioni.
Sitamvika kilemba cha ukoka:
chai yake ilikuwa ndefu kuliko zamu ya mgodini,
na mwaka ule ufunguo wa stoo ulipopotea
watoto walikaa gizani tangu Pasaka hadi majani yakapukutika,
sisi huku tukiandikiana barua, idara kwa idara,
ghorofa moja, milango ikitazamana.
Na paa la maktaba, halmashauri ililijadili majira tisa ya baridi;
kampuni ikaleta wanaume sita,
wikendi moja, halivuji tena.
Hilo nalo liandikwe.

Ila siku ya zabuni nilikuwepo, nikigawa biskuti.
Diwani Prosser alisimama na tai yake nyekundu,
akasema tutaokoa theluthi nzima ya fedha za watu.
Kijana wa kampuni, kutoka Swindon, akaonyesha mchoro ukutani,
mstari ukishuka taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi akalale.
Hakuna aliyeuliza unashukia mfukoni mwa nani.
Nami sikuuliza. Nilikuwa na sahani mkononi.

Leo nimekwenda shuleni kuhakiki.
Nani nimemkuta juu ya ngazi, akifunga kifuniko cha taa,
maana kifuniko kina ankara yake?
Meurig,
ndani ya fulana ya rangi ya chungwa,
kifuani jina nisilowahi kuliona kwenye karatasi zangu.
Swindon wameipa kazi kampuni ya Newport,
Newport wamempa mtu mwenye gari,
mwenye gari akamkumbuka mzee anayejua swichi ilipo.
Nyumba yake ni hatua mia mbili kutoka langoni.
Amekuja kwa miguu.
Zile maili sitini na mbili
hazikusafiriwa na yeyote.

"Wanakupa ngapi?"
"Kumi na mbili," akasema. "Kwa kazi, si kwa saa.
Na balbu Jumatano nilinunua mwenyewe, kwa Pryce. Watanirudishia."
Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali,
akabonyeza simu ili imruhusu kuwa amemaliza.
Kisha akaniuliza, bila kinyongo,
kama mtu anayeuliza bei ya viazi:
"Na ninyi, Eluned, mnawalipa ngapi?"

Ankara ilikuwa mkobani, imenining'inia begani.
Watoto walikuwa wanaingia kula, viatu vimelowa,
na taa, niseme kweli, iliwaka vizuri sana.
Nikamwambia mvua inazidi, afunge zipu.
Nikarudi ofisini
nikagonga mhuri.