Bei ya Saa

Stima imepotea Nyalenda tangu jioni.
Mimi, mtu wa kuuza baridi, nimevua shati,
jasho linadondokea daftari la Lavenda,
ukurasa wa nyuma kabisa, baada ya desimali,
pale alipomchora paka mwenye kofia.

Naandika: mia sita.
Hiyo ndiyo bei ya saa yangu, mwaka wa nne huu.
Ilitoka wapi? Nakumbuka vizuri.
Odembo wa Kondele alitoza mia sita na hamsini,
nikapunguza hamsini ili nipendwe.
Sikuuliza kama Odembo mwenyewe alikuwa akila.

Basi leo niandike kila kitu.
Mshahara wa Makokha. Kodi ya kibanda, Kibuye.
Petroli, na tairi la nyuma la pikipiki
linalolika upesi kwa uzito wa mitungi.
Pampu ya kunyonya hewa, inayozeeka kila ikinguruma.
Leseni ya kaunti. Gesi iliyonivujia kule Ahero
nikaona haya kuitaja kwenye risiti.
Halafu, mkono ukisita kama wa mwizi,
mshahara wangu.
Huo sikuwahi kuuandika. Nilikula kilichobaki,
na kilichobaki hakikuwa na jina.

Jumla: laki moja, elfu tisini na mbili, kwa mwezi.

Sasa saa zenyewe. Watu wawili,
siku ishirini na nne, saa nane nane:
mia tatu themanini na nne.
Lakini nani alinunua ile saa ya langoni, Milimani,
askari akitafuta kalamu, kisha akitafuta kitabu?
Nani alinunua asubuhi nzima ya kusaka kapasita
duka hadi duka, Makokha kaishika ile mbovu
kama mtu aliyeokota kiatu akimtafuta mwenyewe?
Na simu za kudai? "Kesho, fundi. Kesho kutwa."
Nikakata nusu. Mia moja tisini na mbili.
Nikagawa.

Elfu moja. Kamili, bila senti ya kubaki,
kana kwamba hesabu ilikuwa imekaa mlangoni miaka yote
ikingoja nitoke.

Na elfu moja ni kusimama tu, usianguke.
Nikitoza mia sita, basi kila saa
ninamlipa mteja mia nne
aniruhusu kupanda juu ya paa lake.

Nikacheka peke yangu gizani.
Lavenda, kutoka kitandani: "Paka wangu amefanya nini?"

Asubuhi nikamtajia meneja wa hoteli: elfu moja na mia nne.
Akakata simu.
Makokha akaniangalia. Nikaangalia chai.

Saa nne akapiga Perpetua Awino wa Obunga:
friza limekufa, ndani mna mbuta kilo tisini.
Nilifika, nikataja bei kabla ya kufungua begi,
koo limenikauka, kisha nikanyamaza.
Hapo ndipo penye kazi.
Kompresa naweza kuibadilisha nikisinzia;
ulimi ndio unaotaka kukimbia mbele,
"lakini kwa vile ni wewe, mama…"

Akanipima anavyopima samaki, kwa jicho kwanza.
"Na likifa tena wiki hii?"
Narudi bure, nikasema. Saa hiyo nimeshaiweka ndani.

"Ehe," akasema, akivuta ndoo aikalie.
"Hata mimi barafu imo ndani ya bei. Kuni zimo.
Samaki aliyeoza hulipiwa na mwenzake mzima.
Wewe wako waliooza, ulidhani analipa nani?"

Sikumjibu. Nikampa Makokha bisibisi,
nikatazama mkono: saa nne na dakika hamsini.
Nikaiandika.