Kahawa ya Mfukoni

Wananiuliza, huko Hanoi kukoje?
Nami niko juu ya turubai, Kalungu kumekucha,
nageuza buni kwa reki, nageuza tena,
na jibu lenyewe bado bichi.

Nianze na pikipiki.
Ssekabira, wewe unayejisifia boda za Nyendo,
siku ile ungevua kofia.
Zilikuja kama senene wa Novemba wakiona taa,
zimebeba friji, zimebeba mchungwa mzima na matunda yake,
zimebeba nguruwe kalala chali kama bwana harusi,
na mimi ukingoni, dakika kumi na mbili kwa saa ya mkononi,
naogopa kufa mbali na kaburi la baba.

Bibi mmoja akanishika kiwiko.
Hakusema kitu. Alishuka tu barabarani
kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchuma majani ya maboga.
Usisimame, vidole vyake vilisema. Na usikimbie.
Ule mto wa chuma ukapasuka,
ukatupitia kushoto, ukatupitia kulia,
asipunguze mwendo hata mmoja,
asituguse hata mmoja.

Kumbe ni muuza kahawa, Bibi Thoa.
Vigoda vyake vya plastiki ni vya kimo cha chekechea,
magoti yangu yalikaribia kidevu.
Kikombe kikaja na yai lililopigwa hadi likawa povu
(ndiyo, yai, Namyalo, acha kucheka),
tamu juu, na chini yake uchungu ninaoujua
kama ninavyokijua kikohozi cha mama gizani.
Robusta.
Ndugu wa damu wa hii iliyo chini ya reki,
ndugu aliyehama, akanenepa, akajenga ghorofa,
na sisi hapa tunapimiwa bado
kwa mizani ya mlanguzi yenye sumaku tumboni.

Sikuona wivu.
Nasema uongo. Niliona.
Usiku nilizidisha bei nyuma ya risiti, nikagawanya,
nikazima taa kwa hasira, nikaiwasha, nikarudia hesabu.
Jibu lilikuwa lile lile.

Nilimwambia mwanawe, anayejua Kiingereza kidogo kama changu,
kwamba kazi yangu ni kulea miche.
Akanifundisha: neno lao la mche wa mpunga
ukilipandisha sauti ni mama,
ukilikunja vibaya ni kaburi.
Nikafanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni,
mche, mama, kaburi,
mche, kaburi, mama,
nikaona si lugha ngumu.
Ni habari za ukoo wetu.

Siku ya kuondoka nilipapasa mfukoni
nikakuta zile punje alizonifungia mama,
zilizochemshwa na majani, zikaanikwa, zikafungwa kwa jani kavu la mgomba.
Kwetu mwenyeji ndiye humtolea mgeni.
Lakini mgeni ndiye aliyekuwa nazo, nifanyeje?
Nilizimwaga kiganjani, nikapiga goti pale pale kwenye lami,
pikipiki zikipiga honi.
Bibi Thoa akaokota moja kwa kucha.
Akatafuna. Akafumba jicho moja.
Akatoa sentensi ndefu yenye milima na mabonde,
na mwanawe akacheka hadi akashika ukuta:
“Anasema miaka arobaini anaiuza,
leo ndiyo mara ya kwanza kusalimiana nayo.”

Akachukua ya pili, akaitia kwenye pindo la blauzi.

Basi ndivyo kulivyo. Maghorofa yapo, na ziwa lipo katikati ya mji,
na wazee wanacheza mazoezi alfajiri kama wanaosukuma mlango usioonekana.
Juzi pale Nyendo, malori ya Mbarara yakinguruma,
nilimshika kiwiko mtoto wa shule nisiyemjua
nikashuka naye polepole.
Madereva wetu hawajui somo hilo.
Tulitukanwa kwa lugha tatu.

Mengine nitawaambia.
Namyalo, liangalie lile wingu upande wa ziwani,
na wewe Ssekabira, weka simu chini,
shika ncha ya turubai.