Alikuwaka

Nina kibanda Katuba, brashi saba, makopo ya rangi,
na ugonjwa mmoja usio na daktari:
nikiona TAFAZALI ukutani, meno yananiuma.

Mwalimu Mwepu ndiye aliyeniambukiza.
Alikuwa akipiga ubao kwa rula ya mninga:
"Kiti CHANGU! Kiti si mtu, kiti si ng'ombe,
kiti kina ukoo wake, kiheshimuni!"
Tukarudi nyumbani, tukamkuta mama anasema kiti yangu.
Tukaheshimu kiti, tukamcheka mama.

Tangu hapo natembea Lubumbashi
kama mkaguzi asiye na mshahara.
Kule Kenya (Kenya yetu, mtaa, si nchi)
kuna geti limeandikwa KIWANJA HAIUZWE.
Nililivumilia miaka mitatu.
Usiku mmoja nikaenda na kopo la rangi nyeusi.
Nilikuwa nimefika HAKIUZ
mbwa akatoka, asiyejua ngeli
ila anamjua mwizi.

Mwaka wa uchaguzi niliagizwa bango:
TWENDENI TUKAPIGE KULA.
Nikamwita mteja pembeni. Mheshimiwa, ni kura.
Akafikiri kidogo, akatazama barabara.
"Acha hivyo hivyo. Hivyo watakuja wengi."

Shemeji yangu naye: "Nafasi yangu imechoka."
Nikamwambia nafasi haichoki, shemeji,
inayochoka ni nafsi.
Mwaka ule alikuwa amehamishwa mara nne,
watoto sita, chumba kimoja, pazia katikati.
"Njoo ulale kwetu," akasema,
"utaona kama nafasi haichoki."

Sasa huyu Mama Ngosa, mjane wa Kaimba wa reli.
Alikuja na msalaba wa saruji kwenye mkokoteni
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
KAIMBA. ALIKUWAKA BABA MUZURI.

Mimi, bila kuulizwa:
"Mama, ni ALIKUWA. Halafu ni MZURI.
Natoza kwa herufi; hapo nimekuokolea tatu."

Hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa.
"Fundi, alikuwa ni mara moja tu.
Jirani yangu alikuwa baba muzuri
siku ya ubatizo, na kofia.
Huyu wangu alikuwaka.
Alikuwaka asubui, mbele ya treni, anatuwashia makala."
(Makaa, nikataka kusema. Nikameza.)
"Alikuwaka siku mushahara haiko.
Alikuwaka hata na asira yake.
Ukiandika ile yako, batu batawaza ni siku moja."

Nikapekua Kiswahili chote cha Mwalimu Mwepu,
kabati baada ya kabati.
Nikapata daima, nikapata kila siku,
maneno mazuri, ya mahubiri,
lakini yanasimama mbali na kitenzi
kama wageni msibani.
Hakuna hata moja linaloshika mkia wake
namna mtoto anavyoshika gauni sokoni
asije akapotea.

"Hiyo U unaweza kutoa," akasema, akihesabu faranga.
"KA usiiguse. Nitalipa."

Nikaipaka KA kwa rangi nyeupe, mara mbili,
kwa sababu mvua ya huku haina adabu.
Sikuitoza. Alibishana, nikakataa,
akaniachia mfuko wa mihogo.

Msidhani nimepona.
Jana tu, mlangoni pa duka la dawa:
TAFAZALI VUA KIYATU, kiatu kimoja,
kana kwamba wagonjwa wote wana mguu mmoja.
Meno yaliniuma hadi Kamalondo.

Lakini jioni nilikalia kile kigoda cha mama,
kimelegea mguu wa nyuma, bado kinabeba,
na nikamsikia akimfukuza kuku juu yake.
Kiti yangu, alisemaka.
Kiti yangu.