Turubai

Upepo wa Kibaigwa ukilipiga turubai sokoni,
mimi nipo chini ya meza ya mama Nyemo,
mahindi yamemwagika, watu wananitazama.
"Utingo mzima!" Wanacheka. Kisha hawacheki.

Alhamisi, Dodoma. Bi Chilewa hafungui daftari.
"Leo tuanzie harufu."
Breki zilizoungua. Dizeli.
"Na miguu yako, sasa hivi, iko wapi?"
Sakafuni. Saruji ya baridi.
Nasimulia mpaka kwenye kona. Hapo sauti inakatika.
Wiki sita, kona ileile.

Ya saba niliipita.
Nikamtaja Ndahani, na wimbo aliozoea kuukosea.
Nililia kama ndama.

Usiku ule upepo ulirudi.
Moyo uliruka, ndiyo.
Nikatoka nje, nikalifunga kamba.
Ni turubai. Limechanika pembeni, nitalishona.