Jaribio la Tatu

Saa nne na dakika saba, simu ina asilimia nne.
Nimeandika kwa penseli nyuma ya daftari la madeni,
ukurasa usio na jina la mtu.

Kasha linasema: nusu saa, nusu simu.
Kasha husema mengi. Shekiondo wa duka la jumla, Barabara ya Nane,
aliapa kwa macho yake mawili.
Nikamwambia, macho yako hayachaji simu.
Nikachukua pawabenki moja. Kumi na moja zinangoja ushahidi.

Umeme umekatika tangu alfajiri, Ngamiani nzima.
Jenereta la kinyozi linakohoa kama aliyeamshwa kwa lazima.
Siku njema ya kupima.

Leo waya ni mfupi, mnene.
Ule mrefu ulinihadaa jaribio la kwanza:
nikaulaumu mtungi, kumbe kata ndiyo imetoboka.

Kipimo kinawaka: volti tisa, ampea mbili.
Kwenye kioo, maneno ya kijani: *inachaji kwa kasi.*
Dakika ya kumi, kumi na nane.
Dakika ya ishirini, thelathini na moja.
Nailaza nyuma ya kiganja juu yake
kama nigusavyo paji la mtoto wa dada:
joto, lakini si homa.

Benki, wanaiita. Na kweli benki:
imeandikwa elfu ishirini,
mkononi hufikiwi na elfu kumi na tatu.
Nyingine zimeishia njiani, kwenye waya, kwenye joto,
makato,
bila hata ujumbe wa kukushukuru kwa kutumia huduma zetu.
Hilo nilifunzwa na jaribio la pili.

Dakika ya ishirini na moja
akaingia Bi Mwanamkuu wa mbaazi,
simu yake imebaki asilimia mbili, kioo kimepasuka utando wa buibui.
"Fundi, mwanangu wa Maskati.
Tajiri wake humrudishia simu robo saa, kila Jumanne.
Saa nne na nusu."

Tundu la pili liko wazi.
Kanuni naijua: ukichomeka wa pili, kasi inakufa,
wote wawili wanakunywa kwa kijiko.
Zimebaki dakika tisa tu.
Hakuomba tena. Alikuwa anafuta kioo kwa pindo la kanga,
anafuta nyufa, kana kwamba zitatoka.

Nikachomeka.
Volti tisa zikashuka hadi tano.
Maneno *kwa kasi* yakafutika,
likabaki moja: *inachaji.*

Nikajifanya nachonga penseli.
Waliongea bei ya nazi, jino la mjukuu,
umekula, nimekula, na wewe umekula.
Dakika ya kumi na mbili simu ikakatwa,
na si betri iliyokata:
betri ilikuwa na asilimia tano.

Bi Mwanamkuu akaniachia mbaazi kwenye kibakuli cha plastiki,
akatoka bila kunitazama.

*Jaribio la tatu: halikukamilika. Sababu:*
hapo penseli ikasimama.

Alasiri Shekiondo akapiga. Vipi, zile kumi na moja unachukua?
Kasi yake bado siijui, nikamwambia.
Ila hakikisha kila moja ina tundu la pili.
Na bei ushushe, Shekiondo,
makato nimeyaona.