Habu ya Mbele Kushoto

Chumvi haina haraka.
Miaka saba imepanda pikapu hii gunia juu ya gunia,
Uvinza hadi Nguruka,
na kila gunia limeacha tone lake,
tone kwenye chesisi, tone kwenye nati,
tone pale chuma kilipolala na chuma
hata vikasahau kwamba vilizaliwa mbalimbali.

Saa mbili asubuhi nimeweka mawe, nimepiga jeki,
nimevua gurudumu.
Beringi inalia, Mama Sijaona kasema,
inalia kama paka aliyefungiwa stoo,
na kesho ni gulio.

Nati sita zilitoka bila maneno.
Habu haikutoka.
Nikaimwagia mafuta ya taa, nikanywa chai.
Haikutoka.
Nikafunga pula ya miguu mitatu, nikaikaza
mpaka mguu mmoja ukakatika, ukaruka,
ukampita Gwasa sikioni, ukagonga bati la choo.
Gwasa akacheka. Kisha akaacha kucheka, akajishika sikio.
Nikachukua nyundo kubwa nikaipiga usoni,
ti! ti! ti!
sauti ya kitu kinachokujibu: bado.

Saa sita. Mama Sijaona yuko juu ya gunia, anamenya karanga,
haulizi.
Kutouliza kwake kunachoma kuliko jua.

Mtu mmoja tu aliwahi kuifunga habu hii.
Ntakije. Kaka yangu, tumbo moja.
Yuko Kasulu, ana gereji yenye sakafu ya saruji,
nami sijamsemesha tangu mwaka juzi,
kwa ajili ya mashine ya kuchomelea
tuliyoinunua wawili, akaondoka nayo mmoja.
Niliapa mbele ya watu, tena nimeshika spana.

Nikamwambia Gwasa: mpigie wewe.
Akapiga, akaweka sauti ya nje.
Nikageuka, nikajifanya natafuta patasi.

Gwasa alieleza yote, hata choo.
Kimya. Kisha:
"Mwambie huyo aliyegeukia ukuta
asipige mbele. Zile koni ndogo ndizo zimeshika,
akipiga mbele anazisukuma ndani.
Apige ubavuni. Kwa shaba, si chuma.
Aizunguke taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa."
Halafu: "Sili ya ndani nilitia mpya. Aiangalie."
Akakata.

Shaba sina. Nina bomba bovu la maji, la shaba,
nikaliweka ubavuni, nikaligonga.
Ti. Nikasogea. Ti.
Mzunguko wa kwanza, kutu ikadondoka na chumvi yake.
Wa pili, koni moja ikachungulia
kama jino la mtoto.
Wa tatu zikaja zenyewe, nikazidaka kwa kofia.
Tano. Ya sita tuliitafuta kwa magoti,
mimi, Gwasa, na Mama Sijaona mwenyewe,
tukaikuta chini ya maganda ya karanga.

Kifuniko kikaachia. Nyuma yake nati kubwa,
nyuma yake habu, ikanijia kifuani, nzito, ya moto,
imejaa grisi ya buluu ambayo hapa haiuzwi.
Sili mpya. Kweli.

Nikanawa kwa dizeli, kisha kwa sabuni,
kisha, sijui kwa nini, kwa dizeli tena.
Simu ya Gwasa ilikuwa juu ya boneti.
Namba ile vidole vinaijua.

"Beringi," nikasema, "ya namba ngapi?"
Na namba imechongwa pale kwenye chuma,
nimeishika, naisoma.